Usimpelekee binamu laptopu iliyokushinda

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita tuliongea kuhusu zawadi za kwenda nazo nyumbani, na mimi nikasema kitu haraka haraka halafu tukapita: kwamba zawadi mbaya kuliko zote nilizowahi kupeleka Mombasa ilikuwa laptopu. Wengi mmeniuliza, jamani, laptopu inakuwaje zawadi mbaya? Basi nimekaa niandike, kwa sababu jibu lake halitoshi dakika mbili, na kwa sababu nina jambo la kukiri.

Kwa wageni: mimi nimezaliwa na kukulia hapa Doha. Baba alikuja miaka ya themanini kufanya kazi bandarini, ile bandari ya zamani kabla shughuli za mizigo hazijahamia Hamad Port. Mimi ni injinia wa mifumo ya kupoza majengo. Yaani lile jengo la West Bay unaloingia mwezi wa Julai ukasema "alhamdulillah", kuna mtu chini kabisa, kwenye chumba cha mitambo, anaiambia ile mitambo ifanye nini. Mara nyingine mtu huyo ni mimi, na laptopu yangu.

Usiku wa Agosti

Mwaka 2021 nilinunua laptopu nzuri sana. Nyembamba, nyepesi, rangi ya fedha, riyali elfu nne na kitu. Ilikuwa na matundu mawili tu, yote ya USB-C, na tundu la kuvalia simu za masikioni. Sikujali. Niliona watu wote ofisini wanazo za namna hiyo, na adapta ni kitu kidogo, unaweka mfukoni.

Nilipomwambia baba kwamba laptopu yangu mpya ina poti mbili tu, alicheka. Kwa Kiingereza si neno ni lilelile moja, la bandari na la tundu la kompyuta? Akaniuliza, "Sasa mwanangu, bandari yenye gati mbili, meli ya tatu ikija itatia nanga wapi?" Nikadhani ni mzaha wa wazee.

Mwaka uliofuata, usiku mmoja wa Agosti, nilikuwa chini ya jengo moja hapa mjini, ghorofa ya tatu kwenda chini, najaribu kuweka programu mpya kwenye kidhibiti cha mtambo wa kupozea maji. Vidhibiti vingi vya zamani havijui USB-C ni nini. Vinaongea kwa waya wa siriali, ule wa pini tisa, aina ya mawasiliano iliyowekewa kanuni tangu 1960. Kwa hiyo nilikuwa nimechomeka waya wa siriali kwenye adapta ya USB, na hiyo kwenye adapta nyingine ya USB-C, na hiyo kwenye laptopu. Mnyororo mzima unaning'inia kwenye tundu dogo kuliko ukucha. Chumba kina joto, adapta imepata moto, mtu akapita akagusa waya. Ukachomoka.

Programu ilikuwa imefika katikati. Kidhibiti kikaganda. Mtambo ukasimama, na ule wa akiba ulikuwa kwenye matengenezo. Saa tisa usiku, nje hewa bado ya moto na unyevu wa bahari unakugandisha shati mgongoni, na juu yangu kuna jengo zima la watu ambao asubuhi wataamka wanatoka jasho.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja wa Kerala, mtu mzima, tunamwita Chetta, maana yake kaka kwa lugha yao. Alitoa kwenye begi Toughbook nene kama biblia ya kanisani, kioo kimekwaruzika, kibodi imefutika herufi. Ina tundu la siriali lake lenyewe, la kufunga na skrubu. Akachomeka, akakaza skrubu mbili, akaanza upya. Saa kumi na mbili asubuhi maji yalikuwa baridi. Hakunisema. Aliniambia tu, kwa Kiarabu chetu cha saiti, "Kompyuta ya kazi si kompyuta ya kahawa."

Ikawa zawadi

Kazini nikapewa mashine nyingine. Ile ya fedha ikabaki kabatini, bado inang'aa. Na hapa ndipo penye kosa langu. Desemba tulikuwa tunakwenda nyumbani, na binamu yangu alikuwa amemaliza chuo na kupata kazi ya mtandaoni: anasikiliza mikutano ya watu wa nje na kuiandika. Nikaifuta ile laptopu kwa kitambaa, nikaiweka kwenye boksi lake la asili, nikampelekea.

Mlikuwepo kwenye zile sebule, mnajua. Shangazi analia, majirani wanaitwa kuja kuona, binamu hataki kuigusa kwa mikono yenye mafuta ya sambusa. Na mimi nimekaa pale napokea dua kwa kitu kilichonishinda.

Miezi saba baadaye tundu la chaja likalegea. Laptopu ilikuwa na matundu mawili, lakini ni moja tu lililopokea chaji. Hilo hata mimi sikulijua kwa miaka yote niliyokuwa nayo, kwa sababu siku zote nilichomeka upande uleule. Akaanza kuegemeza waya kwa kitabu. Halafu kwa kitabu na jiwe. Halafu ikakataa kabisa, katikati ya kazi ya watu yenye muda maalumu. Fundi akaifungua akamwonyesha: tundu limelehemiwa moja kwa moja kwenye mathabodi, memori imelehemiwa, betri imegundishwa. Alijaribu kulibadilisha lile tundu, moto ukaingia pasipotakiwa, mathabodi ikafa. Kampuni iliyokuwa inampa kazi haikusubiri.

Mimi sikujua. Nilikuwa napiga simu kila Ijumaa, namuuliza "kazi inaendeleaje?", ananiambia "namshukuru Mungu". Wiki tano. Shangazi ndiye aliyeteleza akasema. Nilipompigia kumuuliza kwa nini alinificha, alinijibu, "Dada, sikutaka uone sikuithamini zawadi yako."

Nimelibeba hilo neno mpaka leo. Mtu amepoteza riziki kwa sababu ya kitu changu, halafu yeye ndiye anayeona haya.

Poti si mapambo

Sasa tuongee kuhusu mashine zenyewe, maana huruma peke yake haichaji betri.

Jambo la kwanza la kuelewa: USB-C ni umbo la tundu tu, haikuambii tundu linafanya nini. Matundu mawili yanaweza kufanana kama mapacha, moja likapitisha data kwa megabiti 480 kwa sekunde na jingine gigabiti 40. Moja linapokea chaji, jingine halipokei. Moja linatoa picha kwenye skrini ya nje, jingine halitoi. Muuzaji akikuambia "ina USB-C mbili", bado hajakuambia kitu. Muulize: zote zinachaji? Zote zinatoa picha? Akisitasita, chukua chaja ya dukani uchomeke kila upande kwa mkono wako mwenyewe.

Chaji ya USB-C yenyewe siipingi hata kidogo. Ulaya wamekwisha kuipitishia sheria: simu na vifaa vidogo tangu 28 Desemba 2024, laptopu tangu 28 Aprili 2026. Ni heri kubwa kwa mtu wa Mombasa au Tanga, kwa sababu chaja ikipotea haikulazimu kuagiza ya kampuni moja tu. Lakini iwe na matundu mawili yanayochaji, na yakiwa kila upande moja ni bora zaidi. Moja likifa, mtu anaendelea na kazi.

Halafu kuna yale matundu ya "kizamani". USB ya kawaida, ile pana, kwa sababu flashi, printa za ofisi na vipanya vya watu bado viko huko. HDMI, kwa sababu projekta ya ukumbi wa shule au ya msikiti haina habari na mitindo yako. Na tundu la waya wa intaneti, kwa sababu Wi-Fi haifiki ghorofa ya tatu chini ya ardhi hapa Doha, na nyumbani jirani wote wakiwasha zao jioni unaona mkutano unakatikakatika. Waya ukichomekwa kwenye ruta, umechomekwa.

Mkidhani haya ni mawazo ya watu wa saiti tu, kumbukeni Apple. Mwaka 2016 walitoa MacBook Pro yenye USB-C peke yake, wakasema huo ndio wakati ujao. Oktoba 2021 wakarudisha HDMI, tundu la kadi ya kamera, na chaja ya sumaku. Kampuni yenye pesa kiasi hicho ilihitaji miaka mitano kugundua kwamba watu wanafanya kazi na vitu walivyo navyo.

Imara ni nini?

Hapa ndipo matangazo yanapotuvuruga. Utaona stika ya "MIL-STD-810", umeambiwa ni kiwango cha jeshi la Marekani, ukaona basi hata ikianguka kutoka ghorofani ni sawa. Hicho ni kitabu cha majaribio: joto, vumbi, mtikisiko, kuanguka na mengine mengi. Kampuni inachagua yenyewe ifanye majaribio yapi na kwa ukali gani. Hakuna ofisi ya jeshi inayokaa kutoa vyeti kwa laptopu za madukani. Stika ni dalili njema, lakini uliza ilijaribiwa kwa nini.

Kwetu huku adui wa kwanza ni joto, na wa pili ni vumbi. Apple wenyewe wanaandika kwamba laptopu zao zitumike kwenye nyuzi 10 mpaka 35, na zihifadhiwe pasipozidi 45. Sasa fikiria gari lililoegeshwa juani Lusail mwezi wa saba. Qatar ina sheria: kuanzia 1 Juni mpaka 15 Septemba hakuna kazi za nje juani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu mchana. Mwanadamu amepewa mapumziko, lakini laptopu tunaiacha kwenye kiti cha nyuma halafu tunashangaa betri imevimba. Usiiache garini. Hata "dakika kumi tu".

Kwangu mimi imara sasa ina maana tatu. Bawaba ambazo hazichezi ukifungua kwa mkono mmoja. Feni na matundu ya hewa unayoweza kuyafikia ukayasafisha. Na kifuniko cha chini kinachofunguka kwa skrubu za kawaida, ndani yake ukute memori, diski na betri vinatoka. Hiyo ya tatu ndiyo kubwa. Kila kitu kitaharibika siku moja, na siku hiyo unataka kiwe kitu kinachoweza kubadilishwa kwa nusu saa.

Fundi ndiye waranti

Waranti ya duka la Doha inaishia Doha, mara nyingi. Ukiuliza vizuri utaambiwa ni ya hapa au ya Ghuba. Ukishavuka bahari, waranti yako ni fundi wa mtaani, na fundi anatengeneza kile anachopata vipuri vyake.

Na hili ndilo nililojifunza kwa binamu yangu. Nilipotaka kumnunulia nyingine (mpya, ya kung'aa, ili nijisafishe roho), alikataa kwa adabu. Akaniambia, "Dada, kama hutajali, nitumie hela nichague mwenyewe." Akaenda akanunua ThinkPad ya "ex-UK", zile laptopu za ofisi za Ulaya zilizotumika miaka michache kisha zikaletwa Kenya kwa wingi. Ex-UK ni jina tu. Si lazima itoke Uingereza. ThinkPad, Latitude za Dell, EliteBook za HP: ukipita Luthuli Avenue, Nairobi, utaona zimepangwa kama mikate. Na kwa kuwa ni nyingi, vipuri ni vingi: kibodi, betri, kioo, bawaba. Fundi ameshafungua mia za aina hiyo kabla ya yako.

Ya kwake ina USB-C inayochaji, USB pana mbili, HDMI na tundu la waya wa intaneti. Ilikuwa nusu ya bei ya ile yangu ya fedha, hata haikufika. Akaongeza memori mwenyewe, kwa bisibisi, akifuata mwongozo wa Lenovo. Kampuni hizi tatu zinatoa bure mtandaoni miongozo ya kufungua laptopu zao za kiofisi, na sikuwa najua. Mimi injinia!

Kwa hiyo tulikuwa tunadhani sisi wa huku ndio tunaojua vifaa, na wao wanasubiri kuletewa. Kumbe wao walishajua jibu siku nyingi. Hatukuwauliza.

Wanaonipinga

Mwenzangu wa kipindi ananiambia nimezidisha. Anasema yeye kazi yake yote iko kwenye kivinjari, tangu mwaka juzi hajachomeka waya zaidi ya chaja, na laptopu yake nyembamba inamaliza siku nzima bila umeme. Ana haki. Kama kazi yako ni kuandika na kukutana mtandaoni, na duka la kampuni liko Villaggio dakika kumi kutoka kwako, nunua nyembamba, mgongo wako utakushukuru. Adapta nzuri moja nayo haimfilisi mtu.

Ninachokataa ni kumchagulia mtu mwingine kwa maisha yako wewe. Yule wa nyumbani hana duka la kampuni dakika kumi. Ana umeme unaokatika, ana ruta ya kushiriki na nyumba tatu, na ana fundi mmoja anayemwamini. Mashine yake inatakiwa ifae maisha hayo. Na tukumbuke kitu kimoja ambacho hatupendi kukisema: laptopu zetu nyingi hazifii Doha wala Toronto wala Birmingham. Zinahamia nyumbani. Ukinunua leo, unamnunulia na mtu wa pili, umjue au usimjue.

Kabla hujalipa

Hesabu matundu, halafu hesabu vitu unavyochomeka kwa wiki nzima. Orodha ya pili ikizidi ya kwanza, rudi nyuma.

Soma muundo kamili, si jina la familia tu. ThinkPad X1 Carbon ni ThinkPad, lakini memori yake imelehemiwa. Jina kubwa halikuokoi.

Ukinunua iliyotumika, angalia umri wa kichakato. Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya bure 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Chini ya hapo, labda uwe tayari kutumia Linux.

Chaja usiwe na wasiwasi nayo: soketi za Qatar ni zilezile za pini tatu bapa za Kenya, Tanzania, Uganda na Oman. Ninyi wa Marekani na Kanada ndio mkumbuke kutafuta waya mwingine. Na kwenye ndege laptopu ipande na wewe, isikae kwenye sanduku la chini.

La mwisho ndilo la kwanza. Piga simu. Muulize, "Fundi wako anatengeneza zipi?" Subiri jibu, hata kama atakwambia "chochote tu, dada, tutashukuru". Muulize mara ya pili. Sisi tumefundishwa kushukuru kabla ya kusema tunachohitaji, hivyo jibu la kweli huja mara ya pili, au ya tatu.

Binamu yangu alipata kazi nyingine, ndogo kidogo kuliko ile. Juzi alinitumia picha ya meza yake. Waya wa intaneti wa bluu unatoka kwenye ruta unaingia moja kwa moja kwenye laptopu, na juu ya ile ya fedha, iliyokufa, ameweka kikombe cha chai. Nilimwonyesha baba. Akaitazama ile waya ya bluu kwa muda, akasema, "Hii sasa ni bandari."